Kukaba kwa Vidole Vyetu Wenyewe



Juma hili tumeona vema tuandike juu ya jambo ambalo baadhi yenu hamkulitazamia katika ukurasa huu. Tunataka kuzungumza juu ya gemu ya mpira wa miguu, ile ambayo vijana wetu huicheza kwenye runinga wakiwa na pedi mikononi. Tunawaomba wazee wasituache mapema, na tunawaomba vijana wasidhani kwamba tumekuja na fimbo. Hatukuja kulaani, wala hatukuja kubariki kila kitu. Tumekuja kupima badiliko moja lililotokea ndani ya gemu hiyo, kwa sababu tumeona kwa macho yetu jinsi lilivyogusa nyumba ya watu tunaowapenda.

Jumapili moja jioni tulikaribishwa chakula kwa familia tunayoifahamu kwa miaka mingi. Nyumba hiyo ina ndugu wawili wa kiume. Mkubwa ni fundi wa magari. Hutoka alfajiri na kurudi usiku, siku sita kwa juma. Mdogo yu kidato cha tatu. Kwa miaka kadhaa Jumapili jioni imekuwa saa yao: kaka hunawa mikono yenye harufu ya grisi, mdogo huwasha mashine, na nyumba nzima husikia kelele, utani na vicheko. Mama yao alikwisha kutuambia kwamba ni katika saa hiyo tu ndipo kaka mtu hujua mdogo wake ana shida gani shuleni, kwa kuwa maneno magumu hutoka kwa urahisi zaidi macho yakiwa kwenye skrini.

Jioni ile hatukusikia kicheko. Kaka mtu alikuwa amenunua EA Sports FC 26, toleo lililotoka tarehe 26 Septemba 2025, kwa akiba ya miezi mingi. Mdogo, ambaye katika toleo la zamani alikuwa hashikiki, alikuwa amefungwa mabao 6 kwa 1. "Kaka, mabeki wangu hawakabi!" alilalamika kwa sauti ya kutaka kulia. Kaka akamjibu kwa upole, "Wanakungoja wewe, mdogo wangu." Kijana akaweka pedi chini, akatoka nje, na chakula kikaliwa bila yeye.

Wanakungoja wewe. Maneno hayo tulirudi nayo nyumbani, na tangu siku ile yamekuwa yakituzunguka kichwani.

Ili tuhukumu kwa haki, hatuna budi kwanza kujua ni kitu gani kilichobadilika. Mfululizo huu wa gemu ulianza mwaka 1993, wakati kampuni ya Marekani iitwayo Electronic Arts, au EA kwa kifupi, ilipotoa FIFA International Soccer. Jina la FIFA lilidumu kwa karibu miaka 30. Mei 2022 ilitangazwa kwamba kampuni hiyo na shirikisho hilo wanaachana. FIFA 23 ikawa ya mwisho kubeba jina hilo, na kuanzia Septemba 2023 mchezo ukaitwa EA Sports FC. Kila mwaka hutoka toleo moja, na kila mwaka hudaiwa kuwa bora kuliko lililotangulia. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wapo wachezaji wengi wanaoamini kwamba katika miaka fulani wamekunywa maji matupu. Hata hivyo, yapo mabadiliko ambayo yalikuwa ya kweli.

Mwaka 2009, kwa mfano, FIFA 10 ilimpa mchezaji uhuru wa kukimbia na mpira kuelekea upande wowote, ilhali kabla yake alikuwa na njia nane tu, kana kwamba uwanja umechorwa kwa rula. Mwaka 2011, FIFA 12 iligusa jambo zito zaidi, yaani ukabaji. Hapo awali mtu alishikilia kitufe kimoja tu, na beki wake akamkimbilia mwenye mpira na kumnyang'anya kana kwamba amefungwa kamba. FIFA 12 ilidai kitu kingine: ukae umbali unaofaa, umwelekeze mshambuliaji kule usikokuogopa, kisha uchague wakati wa kunyoosha mguu. Ukiwahi, unapitwa, ukichelewa, unapitwa. Wengi walilalamika sana, na mtindo wa zamani ukaachwa kama chaguo kwa wasioweza kuuacha. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, ugomvi tuliouona pale sebuleni ni mkongwe.

Katika miaka iliyofuata, msaada ule uliotolewa kwa mlango wa mbele ulirudi kwa mlango wa nyuma. Timu ina wachezaji 11, na mtu mwenye pedi humwongoza mmoja tu kwa wakati mmoja. Wale 10 waliobaki huongozwa na kompyuta. Kadiri programu ilivyoboreshwa, ndivyo wale 10 walivyozidi kuwa werevu: walifunga mianya, walinasa pasi, walijitupa mbele ya mashuti. Wachezaji wa mtandaoni wakagundua hila. Wakaona kwamba ni salama zaidi kumwacha beki afanye kazi peke yake, nao wakamshika kiungo mmoja na kumzungusha katikati ya uwanja, huku kompyuta ikikaba kwa niaba yao. Toleo la Septemba 2024, yaani FC 25, lilizidi kuipa kompyuta maarifa, kwa kumgawia kila mchezaji jukumu lake la kimbinu uwanjani. Mpira wa skrini ukafanana zaidi na ule wa kweli kwa sura, lakini mshindi hakuwa lazima aliyeona vizuri au aliyeamua vizuri. Mara nyingi alikuwa yule aliyejua kutofanya kitu.

Hapo ndipo FC 26 inapoingia. Waundaji wake, wakisema kwamba wamesikiliza malalamiko ya wachezaji, waliugawa mchezo katika mipangilio miwili. Mmoja ni wa ushindani, ambao hutumika mtandaoni, mahali watu wanapopambana kwa alama na madaraja. Humo pasi zimeongezewa kasi, mabeki wa kompyuta hawanasi tena pasi wenyewe kwa wingi kama zamani, na kipa anapopangua shuti hujitahidi kuutema mpira mbali na miguu ya adui. Mpangilio wa pili ni wa uhalisia, uliokusudiwa hasa kwa wale wanaojenga klabu yao taratibu, msimu baada ya msimu, bila mpinzani wa mbali. Humo mwendo ni wa polepole zaidi, na mpira hudunda na kupotea kama unavyopotea uwanjani. Aidha, makipa wamefunzwa upya jinsi ya kusimama langoni: kompyuta iliachwa irudie mazoezi na kutuzwa kila inapokaa mahali panapofaa, mpaka ikazoea kukaa hapo.

Kwa nini mipangilio miwili? Jibu limo katika hesabu nyepesi. Katika mashindano ya mtandaoni ya gemu hii, kila kipindi ni dakika 6, basi mechi nzima ni dakika 12. Mpira wa kweli ni dakika 90, na hata hivyo mara ngapi tumetoka uwanjani bila kuona bao? Ukiuchukua mwendo halisi wa soka na kuubana ndani ya dakika 12, mechi nyingi zitakwisha kabla timu haijafika mara mbili langoni mwa mwenzake. Kwa hiyo anayeunda gemu analazimika kuongeza kasi, na anapoongeza kasi anauacha uhalisia. Kwa miaka mingi walijaribu kuwaridhisha watu wawili kwa chungu kimoja: yule anayetaka ushindani wa haraka na yule anayetaka kuuona mpira aujuao. Kila walipoongeza chumvi kwa ajili ya mmoja, mwingine alitema. FC 26 imekiri waziwazi kwamba wanaohitaji ni wawili, na imeweka vyungu viwili.

Sasa tuseme tunayoyaamini.

Jambo la kwanza: kuwapunguzia mabeki wa kompyuta uwezo wa kunasa pasi wenyewe ni badiliko la haki, nasi tunaliunga mkono. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kijana anayeshinda kwa kuiachia mashine imkabie hajifunzi kukaba, anajifunza kungoja. Na anaposhindwa hajui kwa nini ameshindwa, kwa sababu hakuwa mtendaji wa kile kilichoharibika. Mchezo wenye thamani, uwe wa uwanjani au wa skrini, ni ule unaomrudishia mtu matendo yake mwenyewe: umekosea hapa, jaribu tena. Yule mdogo hakufungwa mabao 6 kwa sababu gemu ni mbaya. Alifungwa kwa sababu kwa miaka mingi kuna mwenzake asiyeonekana aliyemfanyia kazi, na siku ile mwenzake aliondoka bila kuaga.

Hata hivyo tukumbuke kwamba kumwondolea mtu gongo ghafla si sawa na kumfundisha kutembea. Wapo watu wanaocheza kwa shida kwa sababu vidole vyao si vyepesi: wazee, watu wenye ulemavu wa mikono, watoto wadogo. Kwao msaada wa kompyuta haukuwa hila. Ndio uliowawezesha kuketi pamoja na wengine. Tungependa waundaji wakumbuke kwamba haki katika mashindano na ukarimu sebuleni ni mambo mawili tofauti, na kwamba moja halipaswi kulifukuza la pili. Hapo mipangilio miwili inasaidia, mradi tu tujue kuchagua.

Jambo la pili linatuhusu sisi tunaoishi katika pande hizi za Afrika Mashariki. Mechi ya mtandaoni hupitia katika seva, na mara nyingi seva hiyo iko mbali. Ishara inayotoka Dar es Salaam hadi Ulaya na kurudi huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, hata pale intaneti inapokuwa nzuri. Ni muda mfupi mno kwa anayetuma barua, lakini ni muda mrefu kwa beki anayetaka kunyoosha mguu kwa wakati. Zamani, kompyuta ilipokuwa ikikaba yenyewe, ilificha kidonda hicho. Sasa mchezaji anatakiwa kukaba kwa vidole vyake, na vidole hivyo vinafika uwanjani vikiwa vimechelewa. Badiliko lililo jepesi kwa kijana anayekaa karibu na seva linakuwa zito kwa kijana anayecheza kwa bando la simu.

Je, tuseme basi kwamba badiliko ni baya? La hasha. Tunasema kwamba haki iliyopimwa mahali pamoja haiwi haki kamili mpaka ipimwe na mahali pengine. Kampuni inayouza toleo moja kwa takriban dola 70, fedha ambazo kwetu ni zaidi ya shilingi 150,000 za Kitanzania, ina wajibu kwa kila anayezitoa, popote alipo. Kwa vijana wetu tunasema hivi: msipime thamani yenu kwa mechi iliyochezwa kupitia waya wa maelfu ya kilomita. Ukitaka kujua unakaba vipi, keti kochi moja na mpinzani wako. Hapo hakuna seva. Pia wengi wenu hamna hata uwezo wa kulinunua toleo hili, mnacheza la miaka iliyopita katika vibanda vya gemu, mkilipia kwa mechi. Msione haya. Kukaba kwa subira kunaweza kujifunzwa katika toleo lolote, mtu akiamua kutomwachia kompyuta.

Jambo la tatu ndilo linalotusumbua zaidi, na ni lile ambalo halikubadilika. Ndani ya gemu hii kuna sehemu iitwayo Ultimate Team, iliyoanza mwaka 2009. Humo mtu hujenga kikosi kwa kadi za wachezaji, na kadi hizo hupatikana ama kwa kucheza sana ama kwa kununua pakiti zilizofungwa, ambazo mnunuzi hajui zimebeba nani. Anaweza kupata nyota, anaweza kupata wachezaji asiowahitaji. Nchini Ubelgiji, tume inayosimamia michezo ya kubahatisha iliamua mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo zinavunja sheria, na Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti. Nchini Uholanzi mahakama iliithibitisha faini ya euro milioni 10 mwaka 2020, kisha mahakama ya juu ikaifuta Machi 2022. Kwa hiyo hata wanasheria hawajakubaliana. Lakini mzazi hahitaji kungoja mahakama ili aone kwamba mtoto anayefungua pakiti baada ya pakiti anafundishwa kucheza na bahati, si kucheza mpira. Na ajabu ni kwamba matoleo ya mfululizo huu yamekuwa yakipewa huko Ulaya alama ya kuwafaa watoto kuanzia umri wa miaka 3.

Tazameni basi kinyume kilichomo. Kwa mkono mmoja gemu inamwambia kijana: kaba mwenyewe, usitegemee msaada. Kwa mkono wa pili inamwambia: ukishindwa, nunua beki mwenye kasi kuliko wa mwenzako. Mkono mmoja unamnyang'anya gongo, mkono mwingine unamuuzia. Na sehemu hiyo ya pakiti ndiyo hasa inayochezwa kwa mpangilio wa ushindani. Hatudai kwamba tunaijua mioyo ya waundaji. Tunasema tu kwamba marekebisho ya haki yatakuwa yamekamilika siku ile ustadi wa vidole utakapokuwa hauwezi kuzidiwa na unene wa pochi.

Wapo watakaotuambia kwamba tunapoteza wino, kwa kuwa huu ni mchezo tu. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mtu hujenga mazoea yake mahali asipojilinda, na kijana hajilindi anapocheza. Akizoea kungoja mashine imfanyie, atangoja na mengine. Akizoea kununua alichoshindwa kukipata kwa bidii, atatafuta duka la kila kitu. Na akizoea kukubali kwamba bao hili limeingia kwa kosa langu, kisha akacheka na kuanza upya, huyo amepata kitu ambacho wengi wetu tuliozeeka bado tunakitafuta.

Kwa sababu hiyo tunawaomba wazazi wafanye jambo moja dogo. Msiulize tu, "Unacheza saa ngapi?" Ketini chini muulize, "Unacheza kwa mpangilio upi? Nani anakukabia? Umenunua nini?" Maswali haya matatu yatawafungulia mlango mkubwa kuliko kuzima mashine kwa hasira. Nanyi ndugu wakubwa wa nyumba, mnaojua kucheza kuliko wadogo zenu, kumbukeni kwamba kumfunga mtu mabao 6 ni rahisi kuliko kumfundisha kuzuia moja.

Tulirudi katika nyumba ile baada ya majuma matatu. Tulikuta wamefikia mapatano yao wenyewe, ambayo hakuna kampuni iliyowaandikia. Mechi ya kwanza ya jioni huchezwa kwa mpangilio wa uhalisia, polepole, na kaka mtu huisimamisha kila anapoona kosa na kumwonyesha mdogo wake: hapa usimrukie, mfuate, mwache akosee yeye. Mechi ya pili huchezwa kwa mpangilio wa ushindani, na hapo hakuna huruma. Jioni ile mdogo alifungwa tena, mabao 2 kwa 1. Lakini dakika za mwisho, mshambuliaji wa kaka yake akiwa amebaki na kipa, kijana alimsindikiza hatua kwa hatua, akangoja, akangoja tena, kisha akanyoosha mguu na kuuchukua mpira bila faulo. Alisimama juu ya kochi akapiga kelele kana kwamba amechukua kombe.

Kaka akatabasamu, akamwambia, "Sasa niambie, mtihani wa hesabu ulikwendaje?"

Akamwambia ukweli wote.

Tunawatakieni nyote juma jema.